Baba Ana Hisa 9,800

Jumatatu, 3 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: Baba ni mwekezaji. Yeye mwenyewe hajui.

Naandika nyuma ya daftari la Biashara, Kidato cha Tatu, kwa sababu nyumbani hakuna mtu hufungua daftari la Biashara. Hata mimi huwa ni kwa shida.

Ilivyoenda. Huwezi kufungua akaunti ya hisa kabla ya miaka kumi na minane. Mimi nina kumi na sita. Baba ana arobaini na saba, na hiyo ya ziada haitumii. Nikapiga picha kitambulisho chake. Programu ya hisa kwenye simu ikataka na uso wake. Nikamwambia ni ya fomu ya shule. Akavaa tai. Programu ikasema afumbe macho, afumbue, kisha atabasamu. Akauliza ni shule gani inataka mzazi atabasamu. Nikasema ni mtaala mpya. Akatabasamu. Siku hizi watu hukubali chochote ukisema mtaala mpya.

Pesa ni za Mama.

Mama anauza nanasi la kukatwa kwenye steji ya matatu, Witeithie. Pale wote humwita Mama Ndila, na Ndila ni mimi. Kanjo, askari wa kaunti, wamempa hadi Jumamosi tarehe 15: nanasi lililokatwa likae ndani ya sanduku la vioo, la sivyo beseni na kisu na kila kitu vinapanda gari la kaunti. Fundi Sifuna wa Kimbo anatengeneza sanduku kwa elfu sita na mia tano. Mama ameziweka kidogo kidogo tangu Februari. Akanipa nizitunze kwenye simu yangu, kwa sababu mimi ndiye mtu wa hesabu, na kwa sababu akikaa nazo mwenyewe ndugu zake huzinusa kutoka Machakos.

Mpango wangu ni kuziongeza kabla ya tarehe 15, ili sanduku liwe na magurudumu. Mama hubeba beseni kichwani asubuhi na jioni. Akigeuza shingo inalia kama mlango wa choo cha shule. Mimi siwezi kumwambia mtu kitu kizuri ana kwa ana, uso wangu huwaka. Magurudumu yangesema.

Wazo la hisa ni la Maxine, ingawa hajui. Maxine ni binti wa mama mdogo, yuko chuo kikuu Juja. Ana hisa ishirini na tano za benki. Huzitaja kila mahali. Pasaka alizitaja kwenye sala ya chakula.

Leo asubuhi nikafungua orodha ya bei. Hisa ya benki ya Maxine: shilingi 310. Moja! Kwa pesa yetu ningepata ishirini tu. Hiyo si biashara, hiyo ni kuibiwa ukiwa macho. Nikashuka hadi chini kabisa ya orodha, mahali wajanja wa chuo hawafiki. Nikaikuta. Vifungo Bora, kampuni ya vifungo vya nguo, hapa hapa Thika. Senti sitini na tano!

Senti sitini na tano hata peremende hununui. Na hiki ni kipande cha kampuni nzima, yenye lango.

Nikanunua hisa 9,800. Dalali wa hisa akakata ada yake. Zimebaki shilingi sifuri.

Maxine 25, Baba 9,800. Nimelala vizuri mchana.


Jumanne, 4 Agosti

Bei: 0.65. Imetulia. Inajipanga.

Nilimsaidia Mama steji. Mzee mmoja wa suti akauliza nanasi zima. Nikaonyesha vidole vinane, kwa sababu kuongea na wateja kunanishinda. Akasema shilingi themanini ni ghali, tunanyonga watu. Akaona vipande vya shilingi kumi. Akasema sasa hiyo ndiyo bei ya binadamu. Alikula kumi, mmoja baada ya mwingine, akalipa mia, akashukuru Mungu.

Nanasi moja tunalikata vipande kumi.

Nilicheka ndani kwa ndani hadi mbavu zikauma. Mtu mzima na tai yake! Anaona bei ndogo anasahau kuangalia ananunua nini. Watu wengine hawakusoma Biashara.

Jioni, balaa. Baba alikuja kutoka kazini (anafanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro Thika) akasoma ujumbe kwa sauti kwenye simu yake ndogo ya kabambe: “Mpendwa mwekezaji KYENGO, asante kwa kununua...” Hakumaliza. Akasema wale matapeli wanaopiga simu kutoka jela sasa wamepata namba yake. Mama akamwambia asijibu, wakikusikia sauti tu wamekula pesa. Jirani yetu Jared akamfungia hiyo namba papo hapo.

Sasa namba ya siri ya kuingia kwenye akaunti, ambayo hutumwa kwa simu yake, haiwezi kufika. Baba amefungiwa nje ya utajiri wake.


Alhamisi, 6 Agosti

Jana Baba alipokuwa anaoga nilifungulia ile namba. Ana desturi ya kuoga kwa nyimbo tatu za kanisa. Ya pili ilikuwa fupi kuliko kawaida, karibu anikute.

Bei: 0.63. Imeshuka, maana yake imekuwa nzuri zaidi kuliko nilipoinunua.

Maxine alipita kutoka Juja, akala nanasi bure kama kawaida, akasema hisa yake imepanda shilingi nne. Akauliza niaje, mbona nachekacheka. Nikasema poa tu. Ndani nilikuwa napiga hesabu. Yake ikianguka inaweza kuanguka shilingi mia tatu. Yangu haiwezi kuanguka hata shilingi moja, kwa sababu haina shilingi moja. Nimejilinda pande zote.

Aliniambia nina macho ya mtu aliyeiba. Nikaingia nyuma ya magunia nikahesabu nanasi ambazo nilikuwa nimeshahesabu.


Ijumaa, 7 Agosti

Nimekagua kampuni yetu.

Mama alinituma nimpelekee Baba chakula kazini. Nikapitia Vifungo Bora, ni barabara ya nyuma tu. Nilisimama ng'ambo karibu saa nzima nikijifanya nasubiri mtu, kwa sababu sikujua mwenye kampuni huanza na salamu gani.

Mlinzi ndiye alinionea huruma. Anaitwa Gichuru. Akauliza, kairitu, wewe msichana, umepotea? Nikasema naangalia tu. Akasema hapa hakuna cha kuangalia, kifungo cha mwisho kilitoka kabla ya korona. Ndani kuna nyasi hadi kiunoni na mbuzi wanne. Nikauliza kama mbuzi ni mali ya kampuni. Akasema koma, mbuzi ni zake.

Niliogopa kidogo. Halafu akasema kitu. Akasema hata yeye ana hisa za hapa, alinunua shilingi nne zamani akiona ni rahisi.

Nilifikiria njia yote ya kurudi. Yeye hukaa langoni, kila kinachoingia na kutoka anakiona. Mtu kama huyo akinunua kwa shilingi nne, ni nini anajua ambacho soko halijui? Na mimi nimepata kwa senti! Tena kiwanda kisichofanya kazi hakina gharama. Stima hakuna. Mishahara ni Gichuru peke yake, na alisema hata yeye hawajamlipa tangu Mei.

Baba aliuliza mbona githeri imepoa.


Jumatatu, 10 Agosti

AIYA!

Bei: 6.00!

Si 0.60. Sita nukta sifuri sifuri. Nilizima simu nikaiwasha. Sita. Nilifuta kioo kwa sketi. Sita! Programu yenyewe imeandika jumla: shilingi 58,800.

Nilitoka nje nikazunguka tanki la maji mara mbili. Jared akauliza kama ni minyoo.

Baba ana elfu hamsini na nane. Amekaa pale anashona soksi, akisubiri zamu ya mchana.

Nikaenda Kimbo moja kwa moja. Nimeongea na fundi Sifuna kwa mdomo wangu mwenyewe, sentensi nzima. Nikamwambia sanduku la Mama liwekwe magurudumu ya wilbaro. Akasema ni elfu moja na mia tano juu, jumla elfu nane, na akishachomelea hachomoi. Akauliza, mtoto wangu, Mama anajua? Nikasema achomelee. Akawasha mashine mbele yangu. Cheche ziliruka kama harusi.

Nitauza kesho. Leo wacha ipande tu kidogo.


Jumanne, 11 Agosti

Tumeibiwa.

Bei: 5.60. Hiyo si shida. Shida ni idadi. Hisa za Baba: 980. Jana zilikuwa 9,800! Mtu ameingia usiku akatoka na hisa elfu nane mia nane na ishirini.

Ilibidi kupiga simu kwa dalali. Wanaongea na mwenye akaunti peke yake. Nilijaribu sauti ya Baba bafuni mara nane. Akapokea dada anaitwa Benta, mpole sana. Akauliza jina. Nikasema Kyengo, kutoka chini ya tumbo. Akasema pole na mafua, mzee wangu.

Akaeleza. Hakuna aliyeiba. Kampuni imeunganisha hisa, kila kumi zimekuwa moja, ndiyo bei ikaonekana mara kumi. Jumla ya jana ilikuwa programu haijamaliza kubadilisha idadi. Tangazo lilitoka Mei. Nikasema Mei sikuwa mwekezaji. Akasema mzee, sauti yako imepanda.

Nikakata.

Nikaweka oda ya kuuza zote. Wauzaji waliopanga foleni mbele yangu wana hisa elfu mia sita. Wanunuzi: hakuna. Hakuna hata mmoja! Gichuru lazima yuko kwenye hiyo foleni.

Nina deni la elfu nane kwa Sifuna, magurudumu yameshachomelewa, na Jumamosi kanjo wanakuja. Mama alikuwa anaimba akiosha beseni. Akaniambia ile Ijumaa tutaenda naye Kimbo, nivae gauni la kanisa. Sikuweza kuangalia shingo yake.

Nikamwambia Maxine. Sikuongea, nilimpa daftari hili asome kuanzia ukurasa wa kwanza.

Alicheka hadi akakaa kwenye kreti. Kisha akaacha kucheka, alipofika mahali pa magurudumu. Akachukua nanasi na kisu. Akauliza, wee Ndila, hili nikilikata vipande kumi, au ishirini, nitakuwa nimeongeza nanasi? Nikasema hapana, hata mtoto anajua. Akauliza, na kipande cha shilingi tano ni rahisi kuliko cha kumi? Nikasema inategemea ukubwa wa kipande, na kama nanasi lenyewe ni zuri. Akaninyooshea kisu. “Sasa!” Akangoja.

Nikangoja pia.

Akasema Vifungo Bora ilikuwa imekatwa vipande bilioni mbili, na nanasi lenyewe limeoza ndani miaka sita. Bei ya kipande haikuambii kitu. Uliza vipande viko vingapi, uliza nanasi linazaa faida gani. Nikamwambia ni wivu, kwa sababu yeye ana ishirini na tano. Halafu nikalia, kwa sauti ya chini, ili wateja wasijue.

Maxine akatoa simu. Akauza hisa ishirini na moja za benki, kwa shilingi 320 kila moja. Zilienda kwa dakika moja. Hata hakumaliza kutafuna. Akasema pesa huchukua siku tatu za kazi kufika, kwa hivyo ni Ijumaa, na hapo atanikopesha elfu sita na mia tano. Nitamlipa mia tano kwa mwezi na kumfulia nguo hadi Krismasi, pamoja na jinzi. Za magurudumu nitafute mwenyewe. Na niinue mkono niape sitanunua tena hisa bila kumuuliza.

Niliinua.


Alhamisi, 13 Agosti

Juja, nje ya hosteli za kina Maxine. Jana na leo. Mtaji wa nanasi za kwanza ni wa Maxine, nao ameuandika.

Siwezi kuita wateja. Nilijaribu, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Maxine akaniangalia kwa uchungu, akasema ningekaa tu kimya.

Kwa hivyo nikatumia akili. Nikaacha kukata vipande kumi. Nikakata ishirini na vinne, vyembamba hadi unaona mwanga. Nikaandika kwenye boksi, herufi kubwa: NANASI SHILINGI TANO.

Walikuja kama nyuki! Hakuna aliyeuliza ukubwa. Mmoja akamwita mwenzake, “Buda, kuja, hapa ni bei ya kutupa!” Wanasomea uhandisi hao. Nanasi ambalo Mama hupatia mia, mimi napatia mia na ishirini, na wananishukuru. Nalinunua sitini, faida sitini.

Inasikitisha kidogo. Bei ndogo inawapofusha. Kuna mmoja alikula vipande kumi na sita, akaniambia nisipandishe bei.


Ijumaa, 14 Agosti

Nanasi la ishirini na tano liliisha saa nne asubuhi. Faida: elfu moja na mia tano kamili. Pesa za Maxine ziliingia saa sita na dakika kumi. Nilikuwa nimeshavaa gauni la kanisa tangu saa kumi na moja alfajiri.

Kimbo. Sifuna alikuwa amelifunika sanduku kwa gunia. Akalifunua kama maiti wa heshima. Vioo pande nne, fremu ya rangi ya samawati, na chini magurudumu mawili.

Mama akasema hilo si lake, lake ni la kubeba. Sifuna akasema ni lake, limelipwa, muulize huyu. Mama akaniangalia. Uso ukaniwaka. Nikasema zile pesa zilizaa kidogo.

Mama akashika mpini akasukuma sanduku tupu, mbele, nyuma, mbele tena, kuzunguka yadi ya Sifuna. Kisha akajishika shingo, pale nyuma, kama mtu anayevua mkufu. Akaniambia nikae hapo nisisonge, akaenda upande wa pili wa geti kwa muda. Alirudi macho mekundu akasema ni moshi wa mashine. Mashine ilikuwa imezimwa.

Tulilipeleka Witeithie kwa tuktuk. Mama alikaa nyuma amelikumbatia.


Jumamosi, 15 Agosti

Kanjo walikuja saa tatu, watatu. Walitafuta kosa. Mmoja akapiga teke gurudumu, kwa heshima. Wakanunua vipande sita na wakalipa!

Mama anawaambia steji yote kwamba mtoto wake huzalisha pesa. Nilimwomba aache. Mama Naliaka wa mahindi ya kuchoma akaniangalia kwa namna ambayo sijawahi kuangaliwa. Namna ya benki.

Nimefua jinzi tatu. Maxine ana miguu mirefu sana.


Jumatatu, 17 Agosti

Jana baada ya kanisa kina mama wa steji walikuwa na kikao cha chama chao nyumbani kwetu. Kumi na mmoja, na chai. Niliitwa sebuleni. Mama Naliaka akasimama akasema mweka hazina wao hutunza pesa ndani ya debe la unga na haziongezeki hata shilingi, na hapa Mungu amewapa mtoto. Wakapiga makofi. Nilitaka kusema hapana. Mdomo ukafunguka, kikatoka tu kile kifaranga. Walidhani ni unyenyekevu.

Shilingi elfu kumi na moja, kwenye simu yangu. Za mwavuli mkubwa wa steji, mwisho wa mwezi.

Nimeamua kuzitunza tu. Niliapa. Maxine alieleza vizuri kabisa na nimeelewa: bei ya kipande haikuambii kitu, angalia nanasi. Naweza kulifundisha darasani. Wale wanafunzi wa Juja ndio wanahitaji.

Asubuhi nilifungua programu kuona tu kama oda yangu imeuzwa. Haijauzwa.

Bei: 3.00.

Nimeitazama muda mrefu. Wiki iliyopita ilikuwa sita. Hii si bei ndogo, hii ni tofauti na ile ya kwanza, hii ni NUSU BEI. Maxine alizungumzia hisa rahisi. Hakusema chochote kuhusu hisa ambazo zamani zilikuwa ghali. Gichuru alilipa nne, na zile zake ni kabla ya kuunganishwa. Yaani Gichuru alilipa arobaini! Nami nitalipa tatu. Kina mama watapata mwavuli na viti, na Mama apate sanduku la pili.

Kuhusu kiapo, niliapa sitanunua bila kumuuliza Maxine. Nimemtumia ujumbe nikamuuliza. Yuko kwenye mtihani, simu imezimwa. Kuuliza nimeuliza.

Hisa 3,590. Ilienda mara moja. Wauzaji walikuwa wengi mno, sijawahi kupata watu wanaotaka kuniuzia kitu kwa furaha hivyo.

Nimekumbuka kitu. Ile namba ya dalali niliifungulia kwenye kabambe ya Baba. Sikuifunga tena.

Baba yuko zamu ya usiku, kwa hivyo yuko nyumbani. Nasikia simu yake imelia sebuleni. Nasikia anatafuta miwani. Anasoma kwa sauti, pole pole, kama somo la kanisani: “Mpendwa mwekezaji KYENGO...”

Safari hii anaendelea kusoma. Amefika kwenye elfu kumi na moja.

Anamwita Mama. Mama hayuko, yuko steji. Sasa ananiita mimi. Viatu vinakuja koridoni, vile vya kazini, vya chuma mbele. Daftari nalisukuma chini ya jinzi za Max